Wembe wa babu unaojinoa wenyewe, lakini unavuta ndevu: kosa liko wapi?

Swali: Nimerithi kwa marehemu babu wembe wa chuma ndani ya kasha lake, umeandikwa Rolls Razor, Imperial No. 2, umetengenezwa Uingereza. Kasha lina vifuniko viwili: kimoja kina jiwe ndani, kingine kina ngozi. Nikisukuma mpini, wembe unakwenda na kurudi huku ukijigeuza wenyewe. Kila asubuhi naunoa kwenye jiwe mara 60, na huwa natia tone la mafuta ya kupikia ili uteleze. Ngozi siitumii kwa sababu imekauka na ina nyufa. Mwezi wa kwanza ulikata vizuri. Sasa unavuta ndevu, shingo inawaka na vipele vimeanza kutoka. Karibu na kona moja ya wembe kuna pengo dogo kama ncha ya sindano. Fundi wa visu ameniambia nimpe auguse kwenye mashine ya kusaga, dakika moja tu. Nimpe? Ninunue jiwe jipya? Au wembe umekwisha, niuweke kabatini kama kumbukumbu?

Jibu: Ndugu yangu, usimpe. Nalitanguliza hilo kwa sababu mengine yote yanarekebishika, ila wembe uliochomwa na mashine ya kusaga haurudi. Chuma cha wembe huo ni cha kaboni, kigumu sana, na ugumu wake umetokana na moto uliopimwa kiwandani. Kikipata joto la zaidi ya nyuzi 200 hivi za Selsiasi kinaanza kulegea, na ukiona makali yamepata rangi ya buluu, ujue joto lilikaribia nyuzi 300. Makali yenyewe ni membamba kuliko karatasi. Kwenye gurudumu kavu yanafika huko kabla hujamaliza kuhesabu moja, mbili. Isitoshe, mbavu za wembe zimechimbwa kwa ndani pande zote mbili ili ukingo ubaki mwembamba, na gurudumu la visu litaukata ukingo huo uwe mnene kama wa panga. Fundi wako huenda ni hodari wa visu, lakini hii si kazi yake.

Sasa wembe wenyewe. Kwa maelezo yako haujafa. Umenolewa kupita kiasi, na haujapitishwa kwenye ngozi hata siku moja. Mambo hayo mawili yanatosha kueleza kwa nini ulianza vizuri ukaharibika, na kwa nini jinsi unavyozidi kuunoa ndivyo unavyozidi kuvuta.

Niondoe kwanza dhana moja inayowasumbua wengi wanaorithi kasha hili. Jina Rolls halina uhusiano na magari ya Rolls-Royce. Rolls Razor ilikuwa kampuni ya London iliyoanza kuuza nyembe hizi mwaka 1927, na ilifilisika mwaka 1964, wakati ambapo watu waliijua zaidi kwa mashine za kufulia nguo. Naitaja historia hii kwa sababu ya kitu kimoja tu: hakuna kiwanda kinachotengeneza wembe wa akiba kwa ajili ya kasha lako. Unaopatikana ni wa mitumba, na mara nyingi una kutu. Chuma ulicho nacho ndicho akiba yako, na kila safari ya jiweni inakula kidogo.

Dhana ya pili, ambayo ndiyo iliyokuponza, ni kwamba wembe unaojinoa wenyewe unatakiwa kunolewa kila siku. Kasha hili lilibuniwa kutunza makali yaliyopo. Kutengeneza makali mapya si kazi yake, na jiwe lile ni dawa ya mara mojamoja. Kifaa cha kila siku ni ngozi.

Ili uone tofauti yake, toa kifuniko cha ngozi, acha cha jiwe, kisha usukume mpini polepole sana, kidole kwa kidole, huku ukitazama kwa ubavuni. Utaona wembe unakwenda makali yakiwa mbele, kama jembe linaloingia udongoni. Ukifika mwisho unapinduka, na unaporudi makali yanatangulia tena. Sasa rudisha kifuniko cha ngozi, toa cha jiwe, geuza kasha na urudie. Safari hii mgongo wa wembe ndio unaotangulia na makali yanaburutwa nyuma, mfano wa mkono unaopapasa manyoya ya paka kuelekea mkiani. Mtambo ni uleule na gia ni zilezile, lakini kwa kuwa uso wa kazi umehamia upande wa pili wa mhimili, yaani ile fimbo inayoubeba wembe, mwelekeo wa makali umegeuka. Ni ubunifu wa kupendeza kweli. Jiwe linahitaji makali yatangulie ili likate chuma kisafi. Ngozi inahitaji makali yafuate, la sivyo yangeichana.

Jiweni chuma kinaondoka. Kila upande unasuguliwa mpaka nyuso mbili zikutane kwenye mstari mmoja, na mstari huo ndio makali. Zikishakutana, kazi ya jiwe imekwisha. Ukiendelea, chuma cha ukingoni kinakuwa chembamba mno kujishikilia na kinageuka unyuzi laini unaolalia upande mmoja, na wembe ukipinduka unyuzi nao unalalia upande mwingine. Unyuzi huo una hila: ukipapasa kwa kidole unahisi ukali. Ukiupeleka kwenye ndevu, unakata nywele kumi za kwanza kisha unakatika vipande vipande, na kuacha ukingo uliochongoka kama msumeno. Ndicho kinachovuta. Asubuhi inayofuata unasema wembe umekuwa butu, unaongeza mizunguko 60 mingine, unatengeneza unyuzi mwingine. Umekuwa ukizunguka hapohapo.

Ngozi haiondoi chuma kwa kiasi cha kuhesabika. Inayanyoosha makali yaliyopinda kwa kukutana na ndevu, na inafuta utando wa kutu changa na mabaki ya sabuni ambayo macho hayayaoni. Chuma cha kaboni kinaanza kuota kutu usiku mmoja tu kikibaki na unyevu. Kwa hiyo wembe usiopitishwa ngozini huingia usoni ukiwa umepinda na una kutu, hata kama jana ulikuwa safi.

Tuje kwenye mafuta ya kupikia. Mafuta ya mimea yakikaa hewani yanaganda na kuwa gundi ya njano. Yameziba vitundu vya jiwe lako, na bila shaka yamefika kwenye gia. Jiwe lililoziba halikati, linasugua tu, ndiyo maana ulihitaji mizunguko mingi. Lisafishe kwa mswaki wa zamani, maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, ukilisugua kwa mizunguko midogo mpaka povu litoke jeupe. Usililoweke kwenye beseni. Jiwe limegandishwa kwenye kifuniko kwa gundi ya zamani, na maji yakiingia chini yake linaweza kung'oka. Lifute, liache likauke kutwa nzima. Gia na meno ya pembeni ya kasha yafute kwa pamba yenye spiriti, kisha tia tone moja la mafuta mepesi ya cherehani kwenye mhimili, basi. Kuanzia sasa jiwe litumie likiwa kavu, au ukipenda lipake povu jembamba la sabuni ya kunyolea na ulifute mara umalizapo. Mafuta yasiliguse tena.

Jiwe likikauka, likague. Pitisha ukucha juu yake kwa urefu na kwa upana. Ukucha ukinasa mahali, kuna ufa au shimo, na jiwe lenye ufa usilitumie hata kidogo, kwa sababu kila wembe unapovuka ufa huo unabanduka chembe. Sishangai pengo lako likiwa limetoka hapo. Kisha simamisha rula ya chuma juu ya jiwe na utazame dhidi ya mwanga. Mwanga mwembamba katikati maana yake jiwe limelika kwa njia ileile ya kila siku. Upungufu wa unene wa nywele unavumilika. Ukizidi hapo, weka msasa wa maji namba 600 juu ya kipande cha kioo, tia maji, geuza kifuniko na usugue jiwe kwa umbo la nane mpaka liwe sawa, kisha maliza na msasa namba 1000.

Hapo naomba uwe bahili sana, na sababu yake iko kwenye umbo la kasha. Pembe ya kunoa haiko mikononi mwako. Inaamuliwa na vitu viwili: kimo cha mhimili juu ya jiwe, na upana wa wembe kutoka mgongoni hadi makali. Jiwe likipungua unene, wembe unalazimika kuinama zaidi ili ulifikie. Wembe ukipungua upana kwa kunolewa, unainama zaidi pia. Mabadiliko yote mawili yanasukuma upande mmoja, yaani pembe inazidi kuwa kubwa na makali yanazidi kuwa manene. Kwenye kasha la umri huo tayari kuna mabadiliko kidogo. Usiyaongeze kwa msasa bila sababu. Na kwa swali lako la kununua jiwe jipya: hapana, isipokuwa hili lina ufa. Jiwe geni lisilo na unene uleule litakubadilishia pembe yote, na ukianza kulibandika kwa makadirio utapata wembe unaogusa kona moja tu.

Ngozi inahitaji kazi zaidi, na ndiyo inayostahili muda wako. Nyufa unazoziona ni za aina gani? Kama ni mistari ya juujuu, kama ya kiatu kikuukuu, inaokoleka. Ifute kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri chenye sabuni kidogo, uondoe weusi, na uiache kivulini saa 24. Kisha chovya kidole kwenye mafuta ya ngozi, ya aina ya kutunzia viatu au hatamu za farasi, na upake matone matatu au manne kwa kifuniko kizima, uyasugue kwa kiganja mpaka yapotee. Ngoja siku nyingine kabla ya kuongeza. Watu hukosea hapa kwa huruma: wanailowesha ngozi kwa mafuta mpaka inabonyea. Ngozi laini mno hujikunja kuzunguka makali yanapopita na kuyafanya mviringo. Unataka ngozi inayonyumbulika bila kubonyea, ambayo ukiikandamiza kwa ukucha alama inafutika yenyewe.

Kama nyufa ni za kina, zinaachana ukizipanua kwa vidole, au kipande kimenyanyuka, ibadilishe. Kabla hujaing'oa, pima unene wake katika sehemu isiyolika, pale kandoni wembe usipofika. Ngozi mpya lazima iwe na unene huohuo, kwa sababu zilezile za kimo na pembe. Ibandike kwa gundi ya fundi viatu, ukitandaza tabaka jembamba lisilo na uvimbe, uikandamize chini ya vitabu vizito usiku kucha. Uso laini wa ngozi ndio ukae juu.

Na hilo pengo? Lipime kwa ukweli. Chukua lenzi inayokuza mara 10, simama chini ya taa moja kali, elekeza makali juu kama unayatazama kutoka mbinguni. Makali mazima hayaonekani: ni mstari mweusi usiorudisha mwanga. Popote unapoona nukta au mstari mweupe unaometa, hapo ni butu au pana pengo. Kama nukta yako ni moja, ndogo, na iko milimita moja au mbili kutoka kona, unaweza kuiacha, ukahakikisha tu kwamba hainasi. Vuta makali polepole juu ya kitambaa cha nailoni, makali yakifuata nyuma. Ikivuta uzi, basi itaichana hata ngozi ya uso wako.

Ikiwa inanasa, una njia mbili. Ya kwanza ni kulifuta pengo ndani ya kasha lenyewe, kwa karatasi za plastiki zenye unga wa kunolea, zile zinazopimwa kwa maikroni, yaani sehemu za elfu za milimita; namba ikiwa ndogo, unga ni laini zaidi. Ni nyembamba, hivyo hazibadilishi pembe kwa kiasi cha kuhofia. Kata kipande sawa na jiwe, lowesha jiwe kidogo, kibandike na ukisukumie mapovu nje kwa kadi ngumu mpaka kilale bila hata kiputo kimoja. Kiputo ni hatari, maana makali yanatangulia na yatakichana. Anza na maikroni 9 au 12, mizunguko 20, kagua, 20 tena, kagua. Pengo la upana wa unywele linaweza kuhitaji mamia ya mizunguko, kwa hiyo uwe na subira. Likishapotea pita kwenye maikroni 3, kisha 1, ukipunguza mizunguko kila hatua.

Kabla ya yote hayo, fanya jaribio dogo litakalokuokolea saa nzima: paka wino wa kalamu nene ya alama kwenye ule uso mwembamba unaong'aa kandokando ya makali, pande zote mbili. Uache ukauke, piga mizunguko miwili tu, tazama kwa lenzi. Wino ukifutika mpaka ukingoni kabisa, kwa urefu wote, mambo ni mazuri, endelea. Ukifutika nyuma tu na ukingo ukabaki mweusi, jiwe haliyafikii makali, na unaweza kunoa mwezi mzima bila faida. Ukifutika kona moja tu, wembe haukupachikwa sawa, au mhimili umepinda, au kifuniko hakijaingia mpaka mwisho. Angalia kifuniko kwanza, maana mara nyingi kosa ni hilo, na ni la bure kulirekebisha.

Njia ya pili ni kuunoa kwa mkono juu ya mawe makubwa, namba 1000, kisha 4000, kisha 8000, ukilaza mgongo na makali vyote viwili juu ya jiwe. Hii ni nzuri kwa pengo kubwa, lakini wembe huu ni mfupi na una sehemu zake za kupachikia. Kama sehemu hizo zinauzuia kulala bapa, usikisie pembe kwa mkono. Mpelekee mtu anayenoa nyembe za kukunja za vinyozi. Pengo linalozidi nusu milimita, au vishimo vya kutu vilivyofika kwenye makali, mimi nisingekushauri uhangaike navyo. Kishimo cha kutu kina kina. Ukikifuta juu, kingine kinajitokeza chini yake. Madoa meusi ya mbavuni, mbali na makali, hayana neno, yaache.

Wembe ukishakaa sawa, mwendo wa kila siku ni mfupi. Ninaposema mzunguko mmoja ninamaanisha kwenda na kurudi. Kabla ya kunyoa, mizunguko 25 hadi 30 kwenye ngozi. Baada ya kunyoa, suuza, kausha kabisa kwa kugusisha taulo bila kuvuka makali, kisha mizunguko 10 mingine ngozini ili kuondoa unyevu uliobaki. Jiwe ligusishe pale tu ngozi peke yake inaposhindwa kurudisha makali, siku mbili mfululizo. Hapo mizunguko 5, isizidi 10, ifuatwe na 50 ya ngozi. Kwa ndevu za kawaida hilo linaweza kutokea baada ya wiki mbili tatu, kwa ndevu ngumu mapema kidogo. Usihesabu siku, sikiliza ndevu.

Sikiliza na kasha pia. Wembe unapopinduka mwishoni mwa kila safari unatoa mlio wa wazi, ta! Usukume mpini mpaka mwisho kabisa, kila mara. Ukirudisha njiani kabla ya mlio, wembe haujapinduka, na kwenye ngozi maana yake makali yanatangulia na kuichana. Nyufa nyingi za makasha ya kale ni majeraha ya namna hiyo, si ukavu. Mwendo uwe wa kutulia, wala usikandamize: springi ndiyo inayobonyeza wembe, mkono wako unasukuma tu. Mlio ukianza kukosekana hata baada ya kusafisha, simama. Fundi saa mzuri anazielewa gia ndogo na springi kuliko fundi visu, mpelekee yeye.

Huenda baadaye ukakutana na jamaa wa wembe huu. Maarufu zaidi ni AutoStrop, aliyobuni Henry J. Gaisman huko Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na ambayo kampuni yake iliungana na Gillette mwaka 1930. Huo unapitishwa mkanda wa ngozi katikati ya kichwa chake, bila kutoa wembe. Hauna jiwe, na wembe wake ni mwembamba wa kutupwa, mkanda unaurefushia maisha tu. Mafunzo ya jiwe hapa hayauhusu.

Sasa uso wako, kwa sababu hata makali mazuri yataichoma shingo yakitumiwa vibaya. Wembe huu ni mzito na kichwa chake ni kinene. Ukizoea nyembe za plastiki mkono unakandamiza wenyewe. Usikandamize. Lowesha ndevu kwa maji ya moto ya kuvumilika dakika 2 au 3 kabla ya povu, maana unywele ulionyonya maji unakatika kwa nguvu ndogo zaidi. Povu liwe na maji ya kutosha kung'aa. Lile kavu linalosimama kama pamba halitelezeshi kitu. Laza kitana cha ulinzi, yale meno ya chuma yaliyo mbele ya makali, kwenye ngozi ya uso, inua mpini taratibu mpaka usikie makali yanaanza kukata, karibu nyuzi 30, ubaki hapo. Mikupuo iwe mifupi, ya sentimita 2 au 3, mkono wa pili ukiivuta ngozi. Kufuata uelekeo wa ndevu tu, kwa wiki mbili nzima. Chini ya pua, pale kichwa kinapokosa nafasi, vuta ncha ya pua juu na ukate kwa kushuka kidogo kidogo.

Vipele ulivyotaja vinaweza kuwa vya aina mbili. Vile vinavyotokea ndani ya saa chache, vyekundu na vinavyowasha, ni majeraha ya wembe butu na vitapungua ukirekebisha tuliyoyasema. Vile vinavyotoka baada ya siku mbili tatu, kila kimoja na unywele umejikunja ndani, ni tatizo la ndevu zinazojipinda. Ncha iliyokatwa chini ya usawa wa ngozi inaota ikirudi ndani ya mwili, nao mwili unapigana nayo kama mwiba. Hapo nikwambie ukweli hata kama nauenzi wembe huu: makali ya kunyoa karibu sana yanaongeza vipele hivyo, yawe bora namna gani. Mwenye tatizo hilo mara nyingi hupata nafuu kwa mashine ya umeme inayoacha ndevu fupi za milimita moja. Pumzisha shingo kabisa mpaka itulie kabla ya kuujaribu tena wembe. Ukiona usaha, uvimbe unaouma, au vipele vinavyoacha makovu magumu yanayoinuka, muone daktari wa ngozi, usivitumbue. Vivyo hivyo ukiwa una kisukari au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, ongea na daktari wako kabla ya kuendelea na wembe wa aina hii.

Jambo la mwisho ambalo hukuuliza, ila ningekosea nisipolitaja. Wembe uliowahi kutumiwa na mtu mwingine, hata babu, usafishwe kabla ya kugusa uso wako, na kama umekwisha kuutumia, usafishe leo. Uoshe kwa sabuni na mswaki ukikwepa makali, kisha uloweke kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika 10, ukaushe na uupake filamu ya mafuta mepesi. Virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, kwa hiyo usiuazime wala usiazime wa mtu. Dawa ya klorini ya kuondoa madoa ya nguo isiusogelee, inakula chuma cha kaboni. Na ngozi ya kasha ambayo huna hakika imepitiwa na nini, kama unaibadilisha hata hivyo, iwe sababu ya ziada ya kuibadilisha sasa.

Kama utakaa wiki kadhaa bila kunyoa, usiuache wembe ndani ya kasha lililofungwa. Kasha linashika unyevu, na kutu huanzia pale makali yanapolalia ngozi. Uutoe, upake mafuta, uufunge kwenye karatasi kavu. Siku ya kurudi, futa mafuta yote kabla hujaupachika, kisha uanze na ngozi, mizunguko 30.